Kabla ya kuchora mipaka mipya, itazameni kura inayopotea: barua ya wazi kwa IEBC na Bunge

Kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC). Kwa Spika wa Bunge la Taifa na Spika wa Seneti. Kwa wanakamati wa Haki na Sheria katika mabunge yote mawili.

Waheshimiwa,

Mimi ni mpiga kura wa Ruiru, mzaliwa wa Wundanyi. Katika sensa ya 2019, kaunti nzima ya Taita Taveta, kutoka Voi hadi mpakani Taveta, ilihesabiwa watu 340,671. Ruiru peke yake, eneo bunge moja la kaunti ya Kiambu, ilipita watu 370,000. Kule kwetu watu hao wana wabunge wanne: wa Wundanyi, wa Mwatate, wa Voi na wa Taveta. Huku Ruiru, ukikusanya Githurai, Kahawa Wendani, Kahawa Sukari, Mwihoko na mitaa mingine yote, tuna mbunge mmoja.

Ningekuwa naandika kudai Ruiru igawanywe, barua ingeishia hapa. Hesabu ni hiyo, na Ibara ya 89 ya Katiba, inayotaka maeneo bunge yakaribiane kwa idadi ya watu, iko wazi. Tena muda umeshapita: mipaka ya sasa ilitangazwa Machi 2012, Katiba inataka ipitiwe upya kati ya miaka 8 na 12, na Machi 2024 ilifika na kupita Tume ikiwa haina kamishna hata mmoja. Sasa Tume ipo, na kazi hiyo iko mezani kwenu. Kila niendako nasikia maswali yale yale: nani ataongezewa, nani atapokonywa, mto upi uwe mpaka, kijiji kipi kipelekwe ng'ambo.

Ninalowaomba ni jambo lililo nyuma ya maswali hayo. Hata mkichora mistari kwa uadilifu wote, kila eneo likawa na watu sawasawa na jirani yake, bado mtakuwa mmeacha kanuni yenyewe ilivyo: eneo moja, mtu mmoja, na anayetangulia hata kwa kura moja anabeba kiti chote. Kanuni hiyo ndiyo inayoamua nani asikike Bungeni na nani asisikike, kuliko mpaka wowote mtakaouchora.

Chukueni uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, Novemba 27, 2025. Mshindi alipata kura 15,802. Aliyemfuata alipata 15,308. Tofauti yao ni kura 494. Simlaumu aliyeshinda, maana alishinda kwa kanuni iliyopo. Nauliza tu hao watu 15,308 walioamka alfajiri, wakapanga foleni, wakachovya kidole kwenye wino, nani anawasemea Bungeni kwa jambo walilolipigia kura? Nchi hii imekubaliana kwamba Rais hawezi kuingia Ikulu bila kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Tuliweka masharti hayo kwa sababu tuliona yanayotokea mtu akitawala wengi kwa kura za wachache. Mwaka 1992 Rais Moi alirudi madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura, upinzani ukiwa umegawanyika. Kwa Rais tulijifunza. Kwa mbunge hatukuweka sharti lolote. Wagombea wakiwa kumi, mtu anaweza kuingia Bungeni huku watu wanane katika kila kumi hawakumtaka.

Na hilo ni la eneo bunge moja. Ukiyajumlisha maeneo yote, picha ya nchi inapinda. Agosti 2022, katika kaunti ya Kiambu, zaidi ya watu 200,000 walimpigia kura Raila Odinga, kama robo ya kura za urais zilizopigwa humo. Ukiitazama ramani ya siasa inayochapishwa magazetini, Kiambu ni rangi moja. Ukienda Nyanza au Bonde la Ufa utawakuta wenzao wa upande wa pili, waliofichwa na rangi ya huko. Watu hawa wapo, wanafanya kazi, wanalipa kodi. Ila wametawanyika, na mfumo wetu unawathamini tu waliorundikana mahali pamoja. Halafu tunashangaa kwa nini siasa zetu ni za ngome na makabila. Kanuni ikisema kwamba kura zako zina faida tu pale ulipo wengi, kila kiongozi atatafuta pale alipo na watu wake wengi, na kwingineko hataenda hata kusalimia.

Ndani ya ngome, siku ya uchaguzi huwa imeshapita kabla ya siku yenyewe. Kila Mkenya anajua kwamba ukishapata tiketi ya chama kinachotamba eneo lako, Agosti unakwenda kuapishwa. Kwa hiyo vita vyote viko kwenye mchujo, ambako wapiga kura ni wachache, daftari la wanachama halijulikani liko wapi, na cheti kinaweza kutolewa usiku hotelini. Ushindani unahama kutoka kwa wananchi unahamia kwa mwenye chama. Mbunge aliyepatikana hivyo anajua ni nani wa kumshukuru.

Kaskazini wamelipatia tatizo hili jibu lao. Mandera, kabla ya chaguzi za 2013 na 2017, wazee wa koo walikaa wakagawana viti kabla wananchi hawajaenda kwenye vituo. Wengi waliwacheka, lakini mimi naielewa sababu yao: palipo na kiti kimoja na koo nne, kuna koo tatu zitakazolala njaa miaka mitano, na njaa ya namna hiyo imewahi kumwaga damu. Wazee walijaribu kugawana kile ambacho sheria inakataa kukigawa. Gharama yake ni kwamba mwanamke hakai kwenye vikao hivyo, kijana hakai, na mpiga kura wa kawaida anapelekewa uamuzi uliokwisha.

Na wapo ambao hata kwenye kikao hawaitwi. Wailchamus wa kandokando ya Ziwa Baringo walikwenda mahakamani wakasema kwamba tangu Uhuru hawajawahi kumpeleka mtu wao Bungeni, kwa kuwa katika Baringo ya Kati walikuwa wachache siku zote na wangebaki wachache siku zote. Desemba 2006 Mahakama Kuu ikakubaliana nao kwamba jamii ndogo ina haki ya kuwakilishwa. Baadaye likazaliwa eneo bunge la Baringo Kusini. Hata humo wanaishi na jamii nyingine, kiti ni kile kile kimoja, na hesabu ya wengi na wachache inaanza upya. Jamii zetu ni zaidi ya arobaini, na nyingi hazikai peke yao popote. Haiwezekani kuchongea kila moja eneo bunge lake.

Sasa nije kwa wanawake, kwa sababu hapa Bunge limeaibika na haliwezi kuendelea kuaibika. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikatoa muda hadi Agosti 2015. Muda ukaisha. Miswada ikaletwa, ikaanguka, zaidi ya mara moja kwa kukosa idadi ya wabunge ukumbini. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge. Halikuvunjwa. Katika maeneo bunge 290, wanawake waliochaguliwa 2013 walikuwa 16. Mwaka 2017 wakawa 23. Mwaka 2022 hawakuzidi 30. Viti 47 vya wawakilishi wa kike vya kaunti ndivyo vinavyoziba aibu, tena haviizibi yote.

Ila mabunge ya kaunti yanatimiza kanuni hiyo hiyo kila baada ya uchaguzi. Wapiga kura ni wale wale, utamaduni ni ule ule, vyama ni vile vile. Tofauti ni moja: kwenye kaunti, Ibara ya 177 inaongeza viti kutoka orodha za vyama hadi theluthi itimie. Chama kinapotakiwa kumweka mtu mmoja tu mahali pamoja, kinaweka mwanamume mwenye pesa na jina. Kinapotakiwa kuweka watu kumi kwa pamoja, hakiwezi kuweka wanaume kumi bila kuulizwa. Na hata viongeza hivyo vya kaunti vina kasoro niliyotaka mwione: chini ya Ibara ya 90, viti vya orodha vinagawanywa kwa idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, si kwa kura kilizopata. Chama kilichozidishiwa na wadi kinazidishiwa tena na orodha. Kilichopunjwa kinapunjwa mara mbili. Hata Tanzania, ambayo nayo ina majimbo ya mtu mmoja, inagawa viti maalum vya wanawake kwa kufuata kura za wabunge ambazo chama kimepata nchi nzima.

Naomba mnivumilie nizungumzie basari, kwa maana mtu wa chini anaukuta mfumo huu kwenye basari kabla hajaukuta mahali pengine popote.

Nilimsindikiza jirani yangu, mama anayeuza mboga, hadi ofisi ya hazina ya ustawishaji ya eneo bunge moja ambalo sitalitaja. Binti yake alikuwa ameitwa shule ya bweni, na karo ya shule za kitaifa mnaijua: shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla hujanunua godoro wala sanduku. Fomu ilikuwa imejazwa vizuri. Muhuri wa chifu, sahihi ya kasisi, nakala ya kitambulisho, barua ya shule, vyote vimebanwa kwa pini. Kijana aliyekuwa dirishani akaipekua hadi ukurasa wa mwisho, akauliza, "Mama, huko mtaani kwenu nani anakujua?" Yule mama akanyamaza. Alielewa anachoulizwa. Wakati wa kampeni alikuwa amejifunga leso ya mgombea mwingine, kila mtu mtaani alimwona. Akataja jina la mtu aliyemdhania yuko upande ule, kijana akaandika kitu pembeni, tukaondoka. Basari haikutoka. Karo ililipwa kwa mchango wa kanisa na chama cha akina mama.

Siwezi kuthibitisha kwamba alinyimwa kwa sababu ya leso, kwani fedha ni chache na waombaji ni wengi. Jambo lililoniuma ni kwamba hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Mbunge ni mmoja, kamati ni yake, hazina inapitia kwake. Kama humpendi au yeye hakupendi, subiri miaka mitano. Tangu hazina hii ianzishwe 2003 imejenga madarasa mengi, nami nimesoma katika moja, kwa hiyo sisemi haina faida. Nasema imemgeuza mbunge kuwa mgawaji wa karo, na wananchi tukazoea kumpima kwa basari na mabati badala ya sheria anazopitisha na maswali anayouliza. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba. Julai 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuiingiza hazina ndani ya Katiba yenyewe. Mswada wa namna hiyo unahitaji theluthi mbili, yaani wabunge 233, nao walipatikana siku hiyo hiyo. Ni ukumbi ule ule ambao kwa kanuni ya jinsia ulikosa watu mara kwa mara. Waheshimiwa, idadi mnayo mnapoitaka.

Narudi kwenye mipaka, na kwetu Wundanyi. Sisi ni miongoni mwa yale maeneo bunge 27 yasiyofikisha kiwango cha watu, pamoja na Lamu Mashariki, Othaya, Tetu, Mukurweini na mengineyo. Mwaka 2012 tuliokolewa na kifungu cha mpito kilichozuia eneo lolote lililokuwapo lisifutwe. Kinga hiyo haipo tena kwa mapitio yajayo. Idadi ya watu wa 2019 ikigawanywa kwa maeneo 290, kila eneo linapaswa kuwa na watu kama 164,000. Wundanyi hatufiki 60,000. Kwa hesabu, tunapaswa kuunganishwa na Mwatate au Voi. Kwa hofu, hilo ni tangazo la kifo. Mkija kukusanya maoni kule mtapokelewa na wazee watakaosimama mmoja baada ya mwingine kusema kwamba bila kiti cha Wundanyi hakuna barabara, hakuna maji, hakuna mtoto wetu atakayeajiriwa. Hawatakuwa wanatia chumvi. Katika mfumo wa kiti kimoja, kukosa kiti ni kukosa kila kitu. Na watu wa Ruiru watakapokuja kusema kwamba kura yao ni nyepesi, nao watakuwa na haki. Mtakuwa mmekaa katikati ya haki mbili zinazogongana, na chochote mtakachoamua kitaishia mahakamani.

Njia tuliyozoea ya kukwepa mgongano huu ni kuongeza viti. Mwaka 1963 maeneo bunge yalikuwa 117. Yakawa 158, yakawa 188, yakawa 210, yakawa 290. Mwaka 2020 mchakato wa kurekebisha Katiba ulioitwa BBI ulitaka kuongeza mengine 70, na Mahakama ya Juu ikayakataa Machi 2022 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Kila ongezeko limetulizia watu fulani kwa muda, limezidisha mishahara, na kanuni haikuguswa.

Pendekezo langu ni hili. Acheni maeneo bunge ya kumchagua mbunge, kaunti iwe ndiyo eneo la uchaguzi, na kila kaunti itoe wabunge kadhaa kwa uwiano wa kura. Viti 290 na vile 47 vya wawakilishi wa kike vichanganywe, viwe 337, vigawanywe kwa kaunti. Kwa kuanzia, kila kaunti ibaki na vilivyo vyake: Taita Taveta vitano, Kiambu 13, Nairobi 18, Lamu vitatu. Kila baada ya sensa Tume irekebishe mgao, kiti kiongezwe hapa, kipunguzwe pale, bila kulifuta jina la mahali popote na bila kumhamisha mtu ng'ambo ya mto. Mpaka wa kaunti unajulikana na kila mtu. Mstari wa kugombania unakuwa haupo.

Mpiga kura wa Kiambu atapewa karatasi moja ya wabunge badala ya mbili za sasa. Atachagua chama, na ndani ya orodha ya chama hicho ataweka alama kwa mtu anayemtaka, ili mwenye chama asiwe na uwezo wa kupanga nani atangulie. Chama chenye robo ya kura kinapata viti kama vitatu kati ya 13. Mgombea huru anasimama peke yake na akifikisha kiwango cha kiti anaingia. Orodha ziwe na wanawake na wanaume kwa zamu, na kila chama kitakiwe kuweka wanawake kileleni mwa orodha katika nusu ya kaunti kinazogombea, maana bila sharti hilo kaunti zenye viti vichache zitatoa vinara wa orodha tu, na vinara hao watakuwa wanaume. Orodha ya wazi nayo inaweza kuwashusha wanawake kwa kura za watu, kwa hiyo sheria iseme theluthi ikikosekana nani apandishwe. Vile viti 12 vya uteuzi vibaki, viwekwe kwa jamii ndogo na watu wenye ulemavu kwa masharti yanayoeleweka, na jamii kama Wailchamus ziwe za kwanza kufikiriwa. Jumla ya wabunge haizidi ya leo.

Mfumo wa mtu mmoja una jema lake, na sitaki mfikiri silioni. Wabajuni wa visiwani wana mbunge wao kwa sababu Lamu Mashariki ni eneo bunge peke yake. Katika kaunti ya viti vitatu, watu wa Faza na Kizingitini wangeweza kuzidiwa na wa Lamu Magharibi, ambao ni wengi zaidi ya mara tano. Kwa kaunti ndogo za namna hiyo sheria itenge kiti cha visiwa, na sioni ugumu wa kuliandika hilo. Wundanyi haimo kwenye hatari hiyo: Wataita wako milimani, Mwatate na Voi, na kwa pamoja hakuna orodha itakayothubutu kuwasahau.

Najua pingamizi kubwa mtakalolileta, kwamba mwananchi anataka mbunge wake, anayemjua kwa jina, anayeweza kumngoja nje ya kanisa Jumapili. Ni kweli anamtaka. Lakini ana mwakilishi wadi, mmoja kati ya 1,450, na tangu 2013 zahanati, masoko na barabara za mashinani ni kazi ya kaunti. Hao waendelee kuchaguliwa mmoja mmoja. Na katika kaunti ya wabunge 13 hakuna mtu atakayebaki bila mbunge. Atakuwa na 13 wa kuwabishia, na wao watajua kwamba mwenzao akimfukuza mtu, wao wanaweza kumpokea pamoja na kura yake. Yule mama wa mboga angekuwa na pa kwenda.

Wengine watasema jambo hili ni la kigeni. Si kweli. Tume ya kurekebisha Katiba ya Profesa Yash Pal Ghai, baada ya kuzunguka nchi hii kusikiliza watu, ilipendekeza 2002 tuchanganye maeneo bunge na viti vya uwiano. Pendekezo likaangushwa njiani na wanasiasa waliokuwa na maeneo bunge ya kulinda. Na tazameni Lesotho. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata kama asilimia 60 ya kura, kikachukua viti 79 kati ya 80. Chama cha pili, chenye karibu robo ya kura, kilipata kimoja. Watu wakaingia barabarani, Maseru ikachomwa, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Waliporudi kwenye uchaguzi mwaka 2002, waliweka viti 40 vya uwiano juu ya 80 vya majimbo, na Bunge likafanana na kura. Walipata matatizo pia: 2007 vyama vikubwa viliungana na vidogo na kuzigawa karatasi zao mbili kwa ujanja ili vijipatie viti vya fidia visivyostahili, ndipo baadaye wakaamua karatasi iwe moja. Ndiyo sababu nami nimependekeza karatasi moja. Sisi tulichomeana nyumba 2007 na 2008. Hatuhitaji kungoja moshi mwingine.

Ninachoomba kwa Tume kiko ndani ya uwezo wenu wa sasa, wala hakihitaji sheria mpya. Pamoja na ripoti ya mipaka, chapisheni kwa kila kaunti kura zote za wabunge za 2013, 2017 na 2022: ni ngapi zilikwenda kwa walioshinda, ni ngapi kwa walioshindwa, na viti vingegawanyika vipi kwa uwiano. Fomu mnazo. Mkifika Wundanyi na Ruiru kukusanya maoni, bandikeni karatasi hiyo ukutani kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, na swali la mfumo liwe la kwanza kuulizwa, kabla hamjafungua ramani.

Kwa Bunge, ninaomba mswada. Ibara ya 256 inawapa njia: theluthi mbili katika mabunge yote mawili, na siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili, muda unaotosha wananchi kuujadili hadi mashinani. Najua naomba watu 290 waguse ngazi waliyopandia. Kwa sababu hiyo mswada useme wazi kwamba utaanza kutumika kwenye uchaguzi wa 2032, ili asiwepo anayepiga kura akikilinda kiti chake cha 2027. Na kama Kamati za Haki na Sheria zitaona pendekezo langu la kaunti ni kubwa mno, leteni la mseto kama la Ghai. Tutajadili idadi. Msituletee tena viti 70 vipya na kutuambia kwamba tumetendewa haki.

Nitakuwepo kwenye kikao cha maoni cha Ruiru siku mtakayokitangaza, na ndugu zangu wako tayari kwa kile cha Wundanyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mpiga kura, Ruiru, kaunti ya Kiambu